Taya ya juu ikiwa nyembamba, mutu mukubwa afanye nini?

AFYA YA JAMAA
Mama Munganga anajibu barua zenu



Mwezi huu sitajibu barua tano ao sita kama kawaida. Nitajibu moja tu. Imeandikwa na musichana wa Likasi. Jina lake ninalificha, maana ameomba vile. Niliisoma mara tatu, kisha nikaenda kuuliza wanganga wa meno, kusudi nisimujibu kwa kubahatisha. Tuisome pamoja:

“Mama Munganga, jambo. Mimi ni mwalimu wa primere, niko na miaka 25. Tangu utoto taya yangu ya juu ni nyembamba. Meno ya juu ya upande inaingia ndani ya ile ya chini. Nyama siwezi kutafuna muzuri, nameza vipande vipande. Usiku nalala kinywa wazi, asubuyi koo inakauka. Nikicheka nafunika kinywa na mukono, hata mbele ya wanafunzi wangu. Mwaka huu watakuja kutoa mahari, na nilitaka siku ya ndoa nisimame mbele ya watu bila kujifunika. Kuna mutu moja mu mutaa yetu anatengeneza meno ya bandia. Aliniambia: ‘Nitakutia chuma yenye visi, utaigeuza kila siku, miezi mbili taya itafunguka. Dola 250.’ Lakini mutu mwengine wa lopitali alisema kwa miaka yangu ni mupaka kupasuliwa. Niliogopa sana. Baba iko tayari kutoa feza yenye aliweka. Tena mama mukwe wa yaya yangu anasema huu ni ulozi wa jamaa, juu hata mudogo wangu wa miaka 9 iko na kinywa sawa yangu, na yeye pia analala kinywa wazi. Nifanye nini? Nimupe ule mutu feza ao hapana?”

Binti yangu, asante kwa kutuandikia. Jibu fupi nakupa sasa hivi, kisha nitakufasiria sababu: hapana, usimupe feza. Tena, pale mwisho wa barua yako, pale uliandika juu ya mudogo wako kama neno la kupita njia tu, njo pale kuna jambo la haraka kuliko yote. Tutalifikia.

ULOZI HAPANA

Tuanze na neno la ulozi, maana linaumiza watu bure. Watoto wanarithi pua ya baba, wanarithi masikio ya nyanya. Vile vile wanarithi taya. Kuna na sababu zingine. Mutoto mwenye pua yenye kuziba muda murefu anapumua kwa kinywa. Ulimi wake unashuka chini, hausukume tena taya ya juu kutoka ndani, na mashavu yanaibana kutoka inje. Mutoto mwenye kunyonya kidole miaka mingi, vilevile. Katika jamaa moja watoto wawili wakiwa na taya ya namna moja, si kitu cha kutafuta mulozi. Ni kitu cha kutafuta munganga wa meno.

DARI YA KINYWA NI SAKAFU YA PUA

Wababa wanaofanya kazi chini ya ardi, kule Kipushi ao Kamoto, watanielewa upesi. Mutu akisimama katika galeri ya chini, anajua kwamba juu ya dari yake kuna galeri ingine. Kichwa chetu kimejengwa namna hiyo. Dari ya kinywa ndiyo sakafu ya pua. Taya ya juu ikiwa nyembamba, kinywa kinabanwa, na mara nyingi chumba cha pua kinabanwa pamoja nacho.

Mutajuaje kama taya ni nyembamba? Fikirini sufuria na kifuniko chake. Meno ya juu ni kifuniko, yanapaswa kupita kidogo inje ya meno ya chini, kuzunguka pande zote. Simama mbele ya kioo, funga meno ya nyuma pole pole, vuta shavu na kidole, uangalie. Kama meno ya juu ya upande yanaanguka ndani ya yale ya chini, kifuniko ni kidogo kuliko sufuria. Inaweza kuwa upande moja, inaweza kuwa pande mbili. Mara nyingi dari ya kinywa inakuwa ya kina na nyembamba, na meno ya mbele yanapandana kwa kukosa nafasi.

Lakini mujue: kifuniko kuwa kidogo hakumaanishe kila mara mufupa ni mwembamba. Pengine ni meno tu yamelala ndani. Munganga anapima kwa macho, kwa chapa ya meno, na kwa picha ya radio ao skaneri. Bila kupima vile, mutu asikudanganye kwamba anajua dawa.

JUU YA NINI MUTOTO SI SAWA NA MUKUBWA

Taya ya juu si mufupa moja. Ni mifupa mbili, moja kuume, moja kushoto, inakutana katikati ya dari ya kinywa. Pitisha ulimi pale katikati, kutoka mbele kwenda nyuma, utasikia mustari. Chini ya mustari ule kuna mushono wa mifupa.

Kwa mutoto mushono ule uko kama nguo yenye fundi ameshikiza tu kwa uzi mulegevu. Ukivuta pande mbili pole pole, inaachana, na mufupa mupya unajaza nafasi. Kijana akikomaa, pande mbili za mushono zinaingiliana kama meno ya zipu, na kisha mufupa wenyewe unaanza kuvuka kutoka upande moja kwenda upande mwengine. Kwa wasichana wengi mushono unakaza karibu na miaka 14 ao 16, kwa wavulana nyuma kidogo. Si wote sawa: kuna watu wakubwa ambao mushono wao haujafungwa kabisa. Njo maana ni picha na munganga wanaosema, si miaka peke yake.

Tena kuna jambo la pili. Taya ya juu imeshikwa na nguzo: kando ya pua, chini ya mifupa ya mashavu, na nyuma kabisa karibu na koo. Kwa mutu mukubwa nguzo hizo ni ngumu. Hata mushono ukilegea, nguzo zinakataa.

Kazi ya kupanua taya kwa visi si ya jana. Katika mwaka wa 1860, munganga wa meno Emerson Angell wa San Francisco, Marekani, aliandika namna alivyotia chuma yenye visi katika kinywa cha musichana wa miaka 14 na nusu. Chuma ile ilifanya kazi kama kriki ya motokari, ikisukuma pande mbili. Kwa juma mbili taya ilipanuka, na nafasi ikatokea kati ya meno mbili za mbele. Wenzake wengi hawakukubali, na Marekani kazi hiyo ikawekwa pembeni muda murefu, mupaka Andrew Haas alipoirudisha kwa maandiko yake ya mwaka wa 1961. Tangu hapo watoto wengi wa dunia wamesaidiwa hivyo. Lakini angalieni: mugonjwa wa Angell alikuwa na miaka 14 na nusu, si 25.

VISI YA MUTU WA MUTAA ITAFANYA NINI?

Binti yangu, tuseme umemupa ule mutu dola 250, na ameshikiza chuma kwenye meno yako. Unageuza visi kila siku. Nguvu inatoka, inatafuta njia. Mushono umekaza, nguzo zimekataa. Ni nini kitasogea? Ni meno. Yatainama kwenda inje kama vigingi vya lupango vyenye kusukumwa. Kwa macho utafikiri kinywa kimepanuka, kumbe dari ni ile ile.

Kisha taabu inakuja. Mufupa wa inje unaofunika mizizi ya meno ni mwembamba sana. Meno yakiusukuma, unaweza kuisha pale, na ufizi unashuka, mizizi inaonekana. Maumivu yanakuwa makali. Na siku chuma inatoka, meno yanarudi karibu na pale yalitoka. Umepoteza feza, na meno yamekuwa zaifu kuliko zamani.

Sisemi ule mutu ni mubaya. Pengine anatengeneza meno ya bandia muzuri sana. Lakini hii si kazi yake.

NJIA NINE ZA MUTU MUKUBWA

Njia ya kwanza ni kuacha taya vile iko. Musishangae, hata hii ni njia. Kama kosa ni dogo, mutu anakula muzuri na anapumua muzuri, munganga anaweza kunyoosha meno tu kwa vyuma, ao kuacha kabisa. Kuna watu wengi wenye meno ya kupishana ambao wamezeeka wakitafuna mahindi ya kuchoma.

Njia ya pili ni visi ndani ya mufupa wenyewe. Katika mwaka wa 2010 wanganga wa Korea ya Kusini waliandika juu ya mugonjwa mukubwa waliyemupanua taya bila kumupasua. Wanatia visi ndogo, mara nyingi ine, katika dari ya kinywa, mbili kila upande wa mushono, na kriki inashikwa na visi hizo. Nguvu inaenda kwa mufupa, si kwa meno peke yake. Ganzi ya pale pale inatosha, hakuna kulala usingizi wa dawa. Kwa vijana wenye kupita kidogo miaka 18 inafanikiwa mara nyingi. Kadiri miaka inapanda, inashindwa mara nyingi zaidi, na zaidi kwa wanaume. Kwa miaka yako 25, binti yangu, ni njia ya kuuliza mbele ya kisu. Lakini inaomba munganga aliyeijifunza, na skaneri ya kuona unene wa mufupa.

Njia ya tatu ni kupasua, kisha kupanua pole pole. Hii ndiyo ile uliambiwa ku lopitali. Unalazwa, unapewa usingizi wa dawa. Munganga mupasuaji wa taya anapasua ufizi ndani ya kinywa, juu ya meno. Usoni hakuna kovu. Anakata zile nguzo za pembeni, na mara nyingi anatenga na ile ya nyuma. Kisha anafungua mushono wa katikati kwa patasi nyembamba, kati ya mizizi ya meno mbili za mbele. Hapanui taya yote siku ile. Anageuza visi kidogo tu kuhakikisha pande mbili zinaachana, anairudisha, anashona.

Halafu mnangoja. Karibu siku 5 mupaka 7, mwili unaanza kutengeneza ule utando laini ambao utakuwa mufupa. Kisha unaanza kugeuza visi mwenyewe kwa ufunguo wake, karibu nusu milimetre kwa siku, asubuyi kidogo na mangaribi kidogo. Kwa juma mbili ni milimetre 7. Hiyo ni nyingi ndani ya kinywa.

Juu ya nini pole pole? Hapa tunapaswa kumukumbuka Gavriil Ilizarov, munganga wa Kurgan katika Siberia. Tangu miaka ya 1950 alionyesha kwamba mufupa wenye kukatwa, ukivutwa polepole, karibu milimetre moja kwa siku, unazaa mufupa mupya katika nafasi ile. Yeye alifanya hivyo kwa miguu na mikono. Wapasuaji wa taya walifuata kanuni ile ile. Na katika mwaka wa 1999, Maurice Mommaerts wa Ubelgiji aliandika juu ya kriki ndogo inayoshikwa na mifupa ya dari ya kinywa, haigusi meno. Inafaa zaidi kwa mutu ambaye meno yake ya nyuma yametoka ao ni zaifu.

Taya ikiisha kufika kipimo, visi inafungwa, hakuna kugeuza tena. Chuma inabaki miezi 3 mupaka 6, kusudi mufupa mupya ukauke kama beto. Ni kisha tu vyuma vya kunyoosha meno vinamaliza kazi, mwaka moja ao miwili.

Njia ya ine ni kukata vipande na kupanua siku moja. Katika mwaka wa 1901 Mufaransa René Le Fort aliandika namna mifupa ya uso inavunjika, baada ya kupima kwenye maiti. Alikuta mistari mitatu. Mustari wa chini, unaopita juu ya mizizi ya meno, wapasuaji wanaufuata leo kwa kutenga taya yote ya juu. Wanaikata vipande viwili ao vitatu, wanavipanua, wanavifunga na sahani ndogo na visi. Inafaa mutu ambaye taya yake inaomba pia kusogezwa mbele ao kupandishwa: kazi zote zinamalizika siku moja. Lakini ngozi ya dari ya kinywa ni ngumu, haivutiki kama ngozi ya shavu, na kila kipande kinaishi kwa damu inayopita katika ngozi ile. Njo maana mara nyingi hawapanui kwa njia hii zaidi ya milimetre 5 ao 6. Na kati ya kazi zote za kusogeza taya, kupanua namna hii ndiko kunarudi nyuma upesi zaidi.

HATARI BILA KUFICHA

Watu wengi wanapita katika kazi ya njia ya tatu na wanarudi nyumbani kisha siku chache. Uso unavimba, zaidi siku ya pili na ya tatu. Chakula ni uji, supu, na bukari laini na muchuzi, kwa majuma kadhaa. Kupenga pua ni marufuku siku za kwanza. Mashavu na ufizi wa juu vinaweza kufa ganzi kwa majuma ao miezi. Kwa wengi hisia inarudi, kwa wachache hairudi yote.

Kuna mambo makubwa zaidi, hata ni machache. Damu nyingi inaweza kutoka, maana nyuma ya taya kuna mishipa minene. Jino la mbele linaweza kufa ao ufizi wake kushuka. Upande moja unaweza kufunguka zaidi ya mwengine. Kidonda kinaweza kuoza. Taya inaweza kurudi nyuma kidogo hata baada ya kazi yote. Pua kwa inje inaweza kupanuka kidogo. Hivi kazi hii inaomba lopitali yenye munganga wa usingizi, yenye damu ya kutia, na yenye kufungua mulango usiku.

Na juu ya kupumua: wengi wanasikia pua imefunguka zaidi, maana sakafu yake imepanuka. Lakini munganga mwaminifu hatakuahidi hilo kama kitu cha hakika. Kulala kinywa wazi kunaweza kutoka na nyama ndani ya pua ao sababu ingine. Inapaswa kupimwa kwanza.

SASA JUU YA NDOA YAKO

Binti yangu, hesabu pamoja nami. Kungoja juma moja, kupanua juma mbili, kukausha mufupa miezi 3 mupaka 6, vyuma mwaka moja ao miwili. Hakuna njia ya kumaliza mbele ya ndoa ya mwaka huu. Tena katika miezi ya kwanza nafasi kubwa inafunguka kati ya meno mbili za mbele. Wazee wetu walisifu mwanya, wakasema ni uzuri wa mwanamuke, lakini huu unaweza kuingia penseli. Unafungika kisha, pole pole, meno yanasogeleana na vyuma vinamaliza. Mutu asikuambie kwamba miezi mbili itatosha.

Kwa hiyo usipange tarehe ya ndoa juu ya visi. Kijana anayekuja kutoa mahari amekwisha kuona kinywa chako. Amekuona ukila, amekuona ukicheka, hata nyuma ya mukono. Amekuja na kinywa chako kikiwa vile kiko. Ukitaka kupanua taya kwa ajili ya kutafuna na kupumua, ni sababu nzuri, na inaweza kufanyika baada ya ndoa, kwa kutulia, mukisaidiana. Mwambie mchumba wako mapema, maana ni kazi ya miaka miwili, na chakula laini kinapikwa na watu wawili.

MAULIZO YA KUBEBA KWA MUNGANGA

Yaandike kwenye karatasi, umuulize bila haya:

1. Je, ni mufupa mwembamba, ao ni meno yamelala tu? Ninakosa milimetre ngapi?
2. Picha inaonyesha mushono wangu umefungwa?
3. Naweza kujaribu visi ya mufupa bila kupasuliwa? Ikishindwa tutafanya nini?
4. Wewe mwenyewe umefanya kazi hii mara ngapi?
5. Garama yote ni ngapi, na vyuma vya kunyoosha na safari za kurudi ndani?
6. Damu ikitoka usiku, nitapiga kwa nani?

Ulizo la tano watu wanalisahau. Wengi wetu huku Katanga, tukitafuta kazi kubwa ya namna hii, tunavuka Kasumbalesa kwenda Zambia, ao tunaendelea mupaka Afrika ya Kusini. Kupasuliwa ni siku moja. Kufuatwa ni miaka miwili. Kama munganga wa kunyoosha meno yuko mbali, kila mwezi ni tikiti, ni visa, ni siku za kazi zinapotea. Jamaa ingine inalipa kisu, kisha inakosa feza ya vyuma. Mutu anabaki na mwanya na taya inayorudi nyuma. Ni afazali kutoanza kuliko kuachia kati.

Mbele ya yote, ziba meno yenye matundu, tibu ufizi, na acha tumbaku kama unavuta. Kidonda cha mufupa hakipendi moshi.

MUDOGO WAKO KWANZA

Sasa tufike pale nilisema ni haraka. Mudogo wako yuko na miaka 9. Mushono wake bado ni ule wa uzi mulegevu. Yeye haombi kisu, haombi usingizi wa dawa, haombi kuvuka mupaka kwa kupasuliwa. Anaomba munganga wa meno anayejua kazi ya watoto, chuma ndogo yenye visi iliyoshikizwa kwenye meno, na muzazi mwenye kugeuza ufunguo bila kusahau. Kugeuza mara moja ni karibu robo milimetre. Kwa juma chache kinywa kinapanuka, kisha chuma inabaki miezi kadhaa kushikilia. Ile kazi yenye wewe, kwa miaka 25, unahesabia patasi na lopitali, yeye anaweza kuifanya akiendelea na masomo.

Lakini mulango huo haubaki wazi. Kila mwaka unafungika kidogo. Kama mutamungojesha mupaka miaka 17, ataandika barua sawa na yako.

Tena, analala kinywa wazi. Mumupeleke apimwe pua na koo. Pengine nyama ya nyuma ya pua imevimba, na ikibaki vile, taya inaweza kurudi kuwa nyembamba hata baada ya kupanuliwa. Na kama taya ya chini inaenda pembeni akifunga meno, uso wake unaweza kukua umepinda. Hiyo ni sababu ingine ya kutochelewa.

Feza yenye baba aliweka, basi, ninaomba mukae jamaa yote mukazungumze. Kama haitoshi kwa wote wawili, ianze na mutoto. Si kwa sababu wewe ni mudogo mbele yetu, hapana. Ni kwa sababu yako inaweza kungoja na isiharibike, lakini yake haiwezi. Wewe kwa sasa upimwe, uzibe matundu, ujue jina la ugonjwa wako na njia inayokufaa. Kujua hakuombi feza nyingi, na kunapunguza woga.

KWA WAZAZI WOTE

Wamama, wababa: leo mangaribi, mukimaliza kula, muangalie vinywa vya watoto wenu wa miaka 7 mupaka 12. Kifuniko kinapita inje ya sufuria ao kinaanguka ndani? Usiku musikilize: wanapumua kwa pua ao kwa kinywa? Hiyo haiombi hata franka moja.

Na ninyi vijana, acheni kutania mutu juu ya kinywa chake. Mwalimu huyu wa Likasi anafundisha watoto kusoma akiwa amefunika mudomo na mukono. Mukono ule haukuwekwa pale na mufupa. Uliwekwa na vicheko vya watu.

Binti yangu, tosha mukono. Wanafunzi wako wanapaswa kuona midomo yako kusudi wajifunze kusoma. Na mukiisha kumupeleka mudogo wako, utuandikie tena, utuambie munganga alisema nini.

Tutaonana mwezi unaokuja.

Wenu,
Mama Munganga